Namna ya Kulala Nyumba Moja na Kikaragosi, Lozells

Mwongozo huu ni wa mjomba. Si mjomba yeyote: ni yule aliyekwenda Birmingham kutembea, akafikia kwa dada yake Lozells, akatandikiwa godoro chumba cha mbele, na ilipofika Ijumaa akaarifiwa (hakuulizwa) kwamba dada anaingia lindo la usiku, hivyo yeye atabaki na mtoto. Mtoto ana miaka kumi na miwili, hana shida, amekwisha kula. Anachotaka ni mtu wa kukaa naye acheze gemu. Mjomba anakubali upesi, maana magemu anayoyajua yeye ni ya mpira. Saa nne usiku taa ya sebuleni inazimwa "ili tuone vizuri", na hapo ndipo mwongozo huu unapoanza kazi.

Shangazi na mama wadogo nao ruksa kuusoma, ingawa hawana haja nao. Wao husema "zima hicho", na kinazimwa. Mjomba hana mamlaka hayo. Mjomba ana heshima tu, na usiku huu itapimwa.

Jambo la kwanza ni kelele. Lozells imebanwa kati ya Handsworth na Aston, kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji, na nyumba zake nyingi ni za matofali mekundu za zama za Malkia Victoria, zimepangwa mstari mmoja, kila moja imeegemea mwenzake. Ukuta wako ni ukuta wa jirani. Upande huu yumkini ni familia ya Kibangladeshi, upande ule bibi wa Kijamaika aliyehamia hapo akiwa msichana, na pande zote mbili wana masikio. Ukipiga ukemi saa saba usiku, asubuhi ukienda Lozells Road kununua bamia na mihogo utasalimiwa kwa huruma. Kwa hiyo weka mto karibu. Mto huu si wa kulalia.

Mjue anayekungoja

Gemu lenyewe linaitwa Five Nights at Freddy's. Limetungwa na Mmarekani Scott Cawthon, na la kwanza lilitoka Agosti 2014. Novemba ya mwaka huohuo la pili likawa tayari sokoni, na humo ndimo alimozaliwa mwenyeji wako wa usiku huu. Wenyewe humwita Puppet, au Marionette wakitaka kumkuza. Sisi tutamwita Kikaragosi.

Mahali ni mgahawa wa piza wa watoto. Mna midoli mikubwa ya mashine, dubu Freddy, sungura Bonnie, kuku Chica na jamaa zao, ambayo mchana huwaimbia watoto kwenye sherehe za kuzaliwa na usiku hujitembelea yenyewe. Wewe ni mlinzi. Umeajiriwa juzi. Unakaa ofisini tangu usiku wa manane hadi alfajiri, unatazama kamera, na unajitahidi usiuawe. Ndiyo kazi yote.

Saa itawatatiza. Skrini inaanza na 12 na kuishia 6, ilhali kwa hesabu za kwetu zamu inaanza saa sita na kuishia saa kumi na mbili. Mpwa akishangilia kwamba imefika sita, ujue ameshinda. Wewe ukisema ni saa sita, ndiyo kwanza mnaanza. Kubalianeni mapema, kwa sababu usiku mzima wa gemu ni dakika saba hivi, na mabishano ya lugha mbili yanaweza kula usiku mbili.

Kikaragosi ni mwembamba, mrefu, mweusi tangu shingoni hadi miguuni, na mistari myeupe kwenye viungo vya mikono na miguu. Kifuani ana vifungo vitatu vyeupe. Uso ni kinyago cheupe chenye mashavu mekundu yaliyochorwa duara, na kutoka kila jicho unashuka mstari wa zambarau hadi mdomoni. Anatabasamu. Watu wazima wengi hutazama tabasamu hilo wakajisikia vibaya, na watoto hutazama ile mistari wakasema analia. Mpwa wako atakuambia hivyo. Usimbishie, kuna sababu, nitaifikia.

Mkenya akiwa ndiye mjomba, huenda akajiona yuko salama. Tangu 2009 alikuwa akiwatazama wanasiasa wake wamegeuzwa vikaragosi vya mpira kwenye XYZ Show, kipindi kilichoanzishwa na mchora katuni Gado, Mtanzania aliyejipatia jina Nairobi, na hajawahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Ni kinga dhaifu. Vile vikaragosi vilikuwa vinachekesha kwa sababu ulijua vinamwigiza nani.

Kutia ufunguo

Sasa kazi. Midoli mingine yote ina dawa. Ofisini umewekewa kichwa cha dubu kisicho na kitu ndani. Mdoli akiingia unakivaa, naye anakudhania mwenzake anakwenda zake. Una tochi ya kummulika anayekuja kwenye korido, ila betri yake ina mwisho. Mlango wa kufunga hakuna. Narudia kwa faida ya wale wanaotoka mitaa yenye mageti na makufuli matatu: ofisi ya mlinzi haina mlango.

Kikaragosi hana dawa. Kichwa cha dubu hakimdanganyi, tochi haimrudishi. Kinachomzuia ni kisanduku cha muziki kilichoko chumba cha zawadi, kamera ya 11, na wimbo wake unapigwa muda wote ambao kisanduku kina ufunguo. Wewe huko ofisini unabonyeza kitufe kwenye skrini, unakitia ufunguo kwa mbali. Ukiachia, kinaanza kupungua. Kikipungua sana, alama ya hatari inawaka. Kikiisha, anatoka ndani ya boksi lake. Ukishasikia wimbo wa pili, ule wa Pop Goes the Weasel ambao kila mtoto wa Kiingereza ameimbiwa, kaa vizuri tu na uvute mto. Hakuna tena la kufanya.

Wimbo wa kwanza wataalamu wa mchezo huu wanautambua: ni My Grandfather's Clock wa Henry Clay Work, wa mwaka 1876, unaohusu saa ndefu ya sakafuni iliyoacha kwenda siku aliyokufa mwenyewe. Aliyeuchagua hakuwa anacheza.

Mjomba wa kawaida hukosea hapa kwa njia moja kati ya mbili. Wa kwanza anamwonea shaka Kikaragosi, hivyo anang'ang'ania kamera ya 11, anatia ufunguo, anatia ufunguo, mpaka Bonnie anamtokea ubavuni. Wa pili anawahofia akina Bonnie, anamulika kulia na kushoto, na kisanduku kinakatika. Siri, na nakupa bure, ni kutia ufunguo kidogo kidogo bila kuacha na bila kuzama: sekunde chache kwenye kisanduku, shusha skrini, mulika korido, vaa kichwa, vua kichwa, rudi kwenye kisanduku. Mpwa atakushangaa utakapoweza mara ya tatu tu. Asichojua ni kwamba unatuma pesa nyumbani kila mwezi tangu mwaka 2009. Ada ya mmoja, dawa za mwingine, mabati ya nyumba ya wa tatu, kila kisanduku kinapungua kwa kasi yake na hakuna anayekuambia kimebaki kiasi gani mpaka alama iwake. Watu wa nyumbani hawana vinyago vyeupe, lakini simu ya "kaka umetusahau" inakuja bila kubisha hodi.

Usimsomee

Aliyelelewa pwani ana desturi zake. Akiona kitu cheusi, chembamba, kinachotoka usiku na kupenda watoto, mkono unakwenda wenyewe kwenye tasbihi. Jisomee wewe, si vibaya, yatakutuliza. Ila usimsomee yeye. Hajatoka kisimani wala kwenye mbuyu, ametoka kwenye kompyuta, na huko hasikii.

Tena ukimlinganisha na jini popobawa, Kikaragosi ana adabu. Popobawa alizua taharuki Pemba na Unguja mwaka 1995 kiasi kwamba watu wazima walihama vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, wakiota moto hadi kukicha. Yeye hakuwa na wimbo wa kumzuia. Aliyotuhumiwa kuyatenda hayaandikiki mbele ya mpwa, lakini moja linaandikika: ilisemwa kwamba humwamuru aliyemtembelea asinyamaze, awaambie wengine, la sivyo atarudi. Mwuza bidhaa yeyote angelipia mpango huo. Gemu la Cawthon nalo lilienea hivyohivyo, bila amri ya jini: mwaka 2014 vijana walijirekodi wakipiga mayowe mbele ya kompyuta, wakaweka YouTube, watoto wakatazama, wakaenda shule wakawaambia wengine. Dawa ya Pemba inafaa hapa Lozells pia. Laleni chumba kimoja. Mwambie mpwa ni kwa ajili yake.

Kinachotaka tahadhari zaidi ni simu yako. Mapema au baadaye, kwenye kundi la ukoo, itaingia sauti iliyosambazwa mara nyingi: mama mmoja, haelezi yuko wapi, anaonya kwamba gemu la kikaragosi linawaita watoto kwa majina na linamwagiza kila mmoja afanye jambo. Kidole chako kitawasha. Kizuie. Februari 2019 Uingereza nzima ilipitia hayo na Momo, yule mwanamke mwenye macho ya kutokeza aliyedaiwa kuingia kwenye video za watoto na kuwaamuru wajidhuru. Shule ziliandikia wazazi. Magazeti yaliandika. Kisha mashirika yanayolinda watoto yakasema hayajaona ushahidi wa mtoto aliyedhurika kwa sababu yake, na uso wenyewe ukawa ni sanamu ya msanii wa Kijapani iliyokuwa kwenye maonyesho Tokyo mwaka 2016. Huenda watoto wengi walioona picha ya Momo walionyeshwa na wazazi wao, ili waonywe.

Na kwa Lozells uvumi si jambo la kuchezea. Oktoba 2005 redio za kificho zilirusha habari kwamba msichana wa Kijamaika amebakwa kwenye duka la Mwasia. Polisi hawakumpata msichana huyo wala ushahidi wowote. Tarehe 22, Weusi na Waasia waliokuwa wakinunua kwenye maduka yaleyale waliingiana barabarani, na kijana mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka sinema alichomwa kisu akafa. Hapa sina kejeli ya kuweka. Futa ile sauti, uendelee.

Ikiwa shemeji yako ni mlokole na amekuja na chupa ya mafuta ya upako kuitakasa televisheni, usigombane naye. Mpe kiti, umwambie kwamba Scott Cawthon ni Mkristo, na kwamba kabla ya Freddy alikuwa akitengeneza magemu ya dini, mojawapo likitokana na kisa cha msafiri cha John Bunyan. Hayakuuzwa. Akajaribu gemu la watoto, wanyama wapole wanaokata magogo, na wakosoaji wakamwambia wanyama wake wanatembea na kutazama kwa namna ya midoli ya mashine, wanaogofya. Iliuma. Baadaye akasema basi, kama ndicho ninachokiweza, nikifanye kwa makusudi. Shemeji atanyamaza kidogo, kisha atapaka mafuta televisheni hata hivyo. Mwache. Ila asifikie kwenye matundu ya kutolea joto.

Kwa nini analia

Ifikapo saa nane, mpwa ameshinda usiku wa tatu, na ataanza kukusimulia. Hii ndiyo sehemu ambayo wajomba wengi husinzia, na ndiyo sehemu pekee ambayo ningekuomba ubaki macho, kwa sababu nzuri.

Katikati ya magemu haya mna vipande vidogo, picha za miraba mikubwa za zama za kale za kompyuta, ambavyo havitishi kitu na ndimo hadithi yenyewe ilimofichwa. Katika kimoja, ndani ya gemu la pili, watoto wanapewa keki ndani ya mgahawa, na mtoto mmoja yuko nje, dirishani. Gari linasimama. Mtu anashuka, anamuua mtoto yule, anaondoka. Katika kingine unamwongoza Kikaragosi mwenyewe. Anakwenda kwa watoto waliolala sakafuni, ambao ukitazama vizuri hawajalala, na kila mmoja anamwekea zawadi. Kisha anawarudia na kumwekea kila mmoja kichwa cha mnyama. Basi dubu na sungura na kuku wanaokufukuza ni wao, na aliyewaingiza humo ili wasipotee ni huyu unayemtilia ufunguo.

Miaka mitatu mbele, Desemba 2017, Cawthon alitoa gemu jingine bila malipo, Freddy Fazbear's Pizzeria Simulator, na humo akamalizia alichokianza. Kikaragosi, inaonekana, alinunuliwa kwa kazi maalumu. Palikuwa na msichana mdogo mwenye bangili ya kijani, na Kikaragosi aliwekwa amwangalie asitoke nje. Siku moja watoto wenzake wakamfungia nje, mvua ikinyesha, na boksi la Kikaragosi lilikuwa limezibwa kwa vitu juu yake. Anajisukuma mpaka anatoka. Anakwenda mvuani. Maji yanamharibu, miguu inakufa, anatambaa. Anapomfikia, msichana amekwisha kufa kichochoroni, naye anamlalia. Tangu hapo ndani ya Kikaragosi mna mtoto. Mashabiki humwita Charlotte, na filamu ya pili ya gemu hili, iliyotoka Desemba 2025, imemweka mbele kabisa.

Kwa hiyo mjomba, aliyekutoa jasho usiku kucha alikuwa askari. Lindo lake lilikuwa mtoto mmoja, na lilimshinda kwa sababu kuna mtu aliweka mizigo juu ya mfuniko. Mpwa wako anayajua haya yote, na bado anataka umsaidie kumfungia ndani ya boksi hadi asubuhi. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia kwamba ndiyo sheria ya gemu. Ni jibu sahihi. Walinzi wengi wanaolinda vitu dhidi ya walinzi wenzao hawana jibu bora kuliko hilo.

Kesho yake, ukitaka kumpeleka mahali, mpeleke Aston Hall. Kutoka Lozells si mbali, mnaelekea uwanja wa Aston Villa. Ni jumba lililojengwa kati ya mwaka 1618 na 1635 na Sir Thomas Holte, na ngazini linaonyesha bado kwamba lilipigwa mizinga mwaka 1643, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hadithi ya mtaani inasema Sir Thomas alimfungia binti yake chumbani miaka 16 kwa kutaka kutoroka na mwanamume asiyemtaka baba, mpaka akarukwa na akili akafa, na kwamba hutembea humo mpaka leo akiwa amevaa nyeupe. Ni hadithi, siiapii. Lakini mpwa atasimama mbele ya mlango wa chumba na kuuliza nani alikuwa analinda nje, na utaona kwamba hajasikia hadithi ileile uliyosikia wewe.

Ukaguzi wa asubuhi

Saa moja asubuhi dada anarudi. Kizibao cha manjano begani, leseni bado imefungwa mkononi kwenye kifuko chake, miguu imevimba. Atakukuta macho, atajua. Mwekee chai, mwonyeshe gemu, umwulize anasemaje. Nakushauri hivyo kwa dhati, kwa kuwa ndiye mtu pekee nyumbani mwenye sifa za kulihukumu.

Hatamtazama Kikaragosi. Atatazama ofisi.

"Mlango uko wapi?"

Hakuna, atasema mpwa.

"Na mwenzake yuko wapi? Yuko peke yake? Daftari la matukio liko wapi? Huyu akifa usiku, nani ataandika?"

Mpwa atamweleza kwamba kuna mtu anayempigia mlinzi simu kila usiku na kumpa maelekezo. Dada atacheka mpaka amwage chai. Anamjua mtu huyo. Kila kampuni ina mmoja, anapiga simu kutoka kitandani, anakwambia kila kitu kiko sawa, na akifika mwisho wa maneno anataja kama kwa bahati mbaya kile ambacho kitakuua.

Kisha atahesabu saa. Hapa Uingereza kanuni za saa za kazi za mwaka 1998 zinampa mfanyakazi dakika 20 za kupumzika siku yake ya kazi ikizidi saa sita. Ikizidi. Zamu ya kwenye gemu ni saa sita kamili, haipungui haizidi. "Huyo aliyepanga hiyo zamu," atasema dada, "alikaa na mwanasheria." Kuhusu kamera atakukumbusha kwamba hapa, chini ya sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2001, leseni ya kulinda ni moja na leseni ya kukaa kwenye kamera za maeneo ya umma ni nyingine, kila moja na ada yake na kozi yake, na kwamba kijana aliyeajiriwa juzi akaachiwa kamera kumi na mbili hajasajiliwa popote. Hapo mpwa ataanza kuogopa kweli.

Usimwache dada afike kwenye mshahara bila kujiandaa. Ukimaliza usiku tano za gemu la pili, mlinzi anapewa hundi ya mwaka 1987, dola 100.50. Gawanya kwa saa 30: ni dola 3.35 kwa saa. Hicho ndicho kilikuwa kima cha chini cha mshahara cha serikali ya Marekani mwaka huo, senti kwa senti. Cawthon angeweza kuandika nambari yoyote, na alikwenda kutafuta ile ya kweli. Kwa kima cha chini cha Uingereza cha Aprili 2025, pauni 12.21, saa hizohizo zingekuwa pauni 366.30 kabla ya makato, na dada ataitamka hesabu hiyo hata kabla hujatoa simu mfukoni. Kwenye gemu la kwanza hali ni mbaya zaidi kwa namna ya kuchekesha: wiki ni dola 120, na ukijitolea usiku wa sita, hundi mpya ni 120.50. Nusu dola, usiku mzima, na midoli imekasirika. La pili angalau linalipa usiku wa sita kwa kiwango kilekile, dola 20.10.

Kikaragosi mwenyewe, kwa kumbukumbu za mgahawa zilizopo, halipwi.

Dada atamaliza chai, atataka kulala, na kabla hajapanda ngazi atauliza swali ambalo mpwa hatakuwa na jibu lake: mchana, walinzi wakiwa wamelala, nani anakitia kisanduku ufunguo? Mwache apande. Wewe na mpwa mna kazi imebaki, kwa sababu baada ya usiku wa sita upo wa saba, ambao unajipangia mwenyewe ukali wa kila mdoli, na wajomba wenye kiburi hushindwa kuuacha. Wakiushinda wote kwa uhodari wote, mgahawa hauwapi hundi kubwa. Unawapa barua ya kufukuzwa kazi, yenye sababu mbili zilizoandikwa waziwazi: kuchezea midoli, na kunuka. Ya kwanza huwezi kuikanusha. Kwa hiyo kabla ya kuanza usiku wa saba panda juu, bafu liko mkono wa kulia, ukaoge.